Si baridi ya mlima inayovimbisha viungo

Moshi na Arusha, mtu mzima akivimba magoti na vifundo vya mikono, wengi husema baridi ya mlima imemwingia. Baridi huweza kuzidisha maumivu, lakini haileti uvimbe ndani ya kiungo.

Chanzo kimoja cha uvimbe huo ni ugonjwa adimu wa Still, ambao daktari Mwingereza Eric Bywaters aliueleza kwa watu wazima mwaka 1971. Kinga ya mwili huwaka bila kuwepo maambukizi ya kupambana nayo. Homa kali hupanda, mara nyingi jioni, kisha hushuka. Koo huuma, viungo huvimba, vipele hutokea na kupotea. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo havionekani kirahisi, jambo linalonisikitisha, maana dalili muhimu hupita hivihivi. Kwa hiyo mwambie daktari saa homa inapopanda, na umwonyeshe picha za ngozi ulizopiga wakati huo.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Daktari huhakikisha kwanza kwamba si malaria, kifua kikuu wala saratani ya tezi za limfu. Feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, mara nyingi huwa juu mno kwenye damu. Prednisoloni, dawa ya steroidi, hutuliza uvimbe, na methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, huongezwa ugonjwa ukirudi dozi ya prednisoloni inapopunguzwa.