Bati linalodondosha maji alfajiri huenda halijatoboka

Wafugaji wengi wa nyanda za baridi, kama Njombe au Limuru, huamini kwamba banda la mabati likizibwa kila upenyo usiku, kuku watapata joto na kuwa salama. Maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni yakilowa, lawama huenda kwa paa linalovuja.

Nia ni njema, kwani upepo unaompiga kuku moja kwa moja humdhuru kweli. Lakini kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na manyoya yake humkinga vizuri yakiwa makavu. Kinachomuumiza zaidi ni unyevu. Kuku hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na mengi hutoka kwa pumzi na kinyesi. Mvuke huo ukigusa bati baridi hugeuka matone. Maranda yaliyolowa hutoa amonia, gesi kali inayochoma macho na mapafu, na humo vimelea vya kuhara damu hustawi.

Hakikisha mwenyewe: asubuhi ambayo usiku wake haukunyesha mvua, pitisha kiganja ndani ya paa. Kikilowa, huenda maji hayo yametoka kwa kuku. Kisha chuchumaa hadi kimo chao unuse, na ufinye maranda mkononi. Yakibaki donge, yamelowa mno.

Acha uwazi wenye wavu chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku waliolala. Vifaranga wadogo bado wanahitaji chanzo chao cha joto.