Kwa nini noti ya shilingi ishirini iliandikwa pia pauni moja

Mara kwa mara watu hutuletea noti walizozikuta katika vitu vya marehemu babu au bibi zao, na swali huwa lilelile: hii ni pesa ya Waingereza au ni yetu? Wana haki ya kuuliza. Noti imeandikwa shilingi ishirini, kisha "au pauni moja", picha ni ya mfalme wa Uingereza, na kuna maandishi ya Kiarabu na Kigujarati. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Yale maneno "au pauni moja" yalimgusa hata mkulima wa Kisumu, Tanga au Jinja ambaye hakuwahi kuishika pauni mkononi.

Kabla ya shilingi, pesa ya biashara ilikuwa rupia. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda, rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 wakoloni wakaifunga kwenye kiwango cha rupia 10 kwa pauni. Aliyekuwa na deni la rupia 1,500, yaani pauni 100 kwa hesabu ya zamani, alijikuta anadaiwa pauni 150. Walowezi wa Kenya waliouza mazao London walipiga kelele. Ikajaribiwa pesa nyingine iliyoitwa florini, haikudumu, na mwaka 1921 ikaja shilingi: ishirini kwa pauni, kila moja ikiwa na senti mia. Uingereza yenyewe iliendelea kuhesabu peni 12 kwa shilingi na peni 240 kwa pauni hadi tarehe 15 Februari 1971. Kwa hesabu ya mamia, basi, Afrika Mashariki iliitangulia London kwa nusu karne, na ni jambo linalostahili kufundishwa shuleni.

Zanzibar iliacha rupia yake na kuingia katika shilingi mwaka 1936. Aden nayo ikaingia mwaka 1951, kwa hiyo shilingi yenye simba ilinunua bidhaa hata ng'ambo ya bahari, Uarabuni.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Bodi ilikaa London, na haikuhamia Nairobi hadi 1960. Benki iliyotaka shilingi huku ilikabidhi pauni kule, na bodi ikaziweka pauni hizo katika dhamana za serikali. Kwa kanuni hiyo, pesa iliyozunguka madukani ilifuata mauzo ya nje: pamba, kahawa na mkonge vikipata bei, pauni ziliongezeka London na shilingi zikaongezeka huku. Bei zikianguka, mzunguko ulikauka. Hapakuwa na benki kuu ya kuamua vinginevyo kwa manufaa ya wenyeji.

Sarafu nazo zina habari zake. Ndururu ya senti tano na ile ya senti kumi zina tundu katikati na pembe za ndovu ubavuni. Shilingi za mwanzo zilikuwa na robo tu ya madini ya fedha, na zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Ukiona herufi H au KN, sarafu imetengenezwa Birmingham. SA ni Pretoria.

Tarehe 18 Septemba 1949 Uingereza ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 za Marekani hadi 2.80. Shilingi ikashuka nayo papo hapo. Dola iliyopatikana kwa shilingi tano hivi ikahitaji shilingi 7 na senti 14, na hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyeulizwa.

Kwenye noti za mwisho za bodi, za 1964, malkia hayupo tena. Kuna chombo cha tanga katika Ziwa Victoria. Mwaka 1966 Tanzania, Uganda na Kenya zikafungua benki kuu zao na kutoa shilingi zao. Kisha, tarehe 18 Novemba 1967, Uingereza ikashusha pauni tena, hadi dola 2.40. Safari hii nchi zetu tatu zilikataa kufuata. Shilingi ilibaki 7.14 kwa dola, na pauni ya Uingereza ikawa shilingi 17 na senti 14. Mimi naihesabu siku hiyo kuwa kubwa kuliko siku noti mpya zilipotoka. Ilikuwa na gharama, kwa kuwa akiba iliyowekwa kwa pauni ilipungua thamani, na mwenye kulipwa kwa pauni akapata shilingi chache. Lakini uamuzi ulitoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Kenya iliendelea kwa miongo kadhaa kuandika bajeti zake kwa pauni ya Kenya, ambayo haikuwahi kuwa na noti wala sarafu. Lilikuwa jina la shilingi ishirini katika vitabu vya hesabu. Mwanafunzi anayekuta pauni milioni moja katika hotuba ya bajeti ya miaka ya 1970 azidishe kwa ishirini, asitumie kiwango cha pauni ya Uingereza.

Kwa wenye noti hizi nyumbani: noti za bodi zilikoma kuwa fedha halali mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo thamani yake iko kwa wakusanyaji. Msizioshe wala kuzipiga pasi, na sarafu msizisugue. Utando wa zamani ulio juu ya sarafu ukitoka, bei huanguka. Noti za karatasi za Benki Kuu ya Uingereza ni suala jingine. Za pauni 20 na 50 ziliondolewa madukani tarehe 30 Septemba 2022, lakini benki hiyo bado inazibadilisha, hata kwa posta, bila kikomo cha muda. Kwa hiyo kabla ya kumwuzia mtu noti ya zamani kwa bei ya kutupa, someni kwanza jina la aliyeitoa.