Pleibeki si kuazima sauti

Yakitokea mazungumzo ya zile filamu za zamani za Hollywood za kuimba na kucheza, hakosekani mtu wa kusema: "Wale walikuwa wanapiga pleibeki tu, hakuna aliyeimba." Husemwa juu ya Debbie Reynolds, husemwa juu ya Audrey Hepburn, na hata juu ya Gene Kelly, kana kwamba wote watatu walifanya jambo moja. Hawakufanya jambo moja. Neno pleibeki limebebeshwa mzigo usio wake, na wanaoumia ni watu waliofanya kazi kubwa na sasa hawapo kujitetea.

Pleibeki ni hivi: wimbo unarekodiwa kwanza studio, halafu siku ya kupiga picha unachezwa kwenye spika, mwigizaji anaufuatisha kwa midomo na mwili. Basi. Hapo hakuna kinachosema sauti ni ya nani. Mara nyingi ni yake mwenyewe, aliyoiimba wiki kadhaa kabla akiwa amesimama mbele ya maikrofoni na okestra.

Utaratibu huu kwa kawaida hutajwa kuanzia kampuni ya MGM mwaka 1929, ilipokuwa ikitengeneza The Broadway Melody. Filamu za sauti zilikuwa bado changa. Wimbo mmoja mkubwa ulikuwa umeshapigwa picha huku okestra ikipiga palepale, wakubwa wa studio wakaona picha haipendezi, ikabidi irudiwe. Douglas Shearer, aliyekuwa mkuu wa idara ya sauti, akauliza kwa nini wapiga muziki waitwe tena na kulipwa tena wakati sauti waliyonayo ni nzuri. Wakaicheza ile rekodi kwenye spika, wachezaji wakaifuata. Maneno ya wimbo huo aliyaandika Arthur Freed, na miaka zaidi ya ishirini baadaye Freed huyohuyo ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa Singin' in the Rain, filamu ya mwaka 1952 iliyojaa nyimbo zake za zamani, na ambayo hadithi yenyewe inahusu mwigizaji kuazimwa sauti.

Faida haikuwa fedha peke yake. Wimbo wa dakika tatu hupigwa picha kwa siku kadhaa, kamera ikihama kutoka pembe moja hadi nyingine. Mtu akiimba papo hapo kila mara, mwendo na pumzi havitalingana, na vipande havitaungana. Halafu kuna kucheza. Tazama "Good Morning" katika Singin' in the Rain: Reynolds, Kelly na Donald O'Connor wanapanda ngazi, wanaruka, wanapindua kochi. Reynolds alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, hakuwa mchezaji wa dansi kabla ya hapo, na alieleza baadaye kwamba siku ya kupiga picha hiyo ilimwacha miguu inavuja damu. Hakuna mapafu ya binadamu yanayoweza kufanya vile na kutoa noti safi kwa wakati mmoja. Sauti inayosikika pale ni yake, aliiweka studio. Kumwambia huyu "hakuimba" ni kumdhulumu.

Najua lawama yetu inakotoka. Kwenye tamasha mtu amelipa kiingilio asikie sauti ya msanii papo hapo, kisha msanii anapanda jukwaani na kuchezesha midomo juu ya CD. Pale kulalamika ni haki, kwa sababu tuliahidiwa sauti ya wakati ule. Filamu haikuahidi hivyo hata siku moja.

Kuazima sauti ni jambo jingine kabisa. Hapo mwili ni wa huyu, sauti ni ya yule, na kwa muda mrefu jina la yule halikuandikwa popote. Anayejulikana kuliko wote ni Marni Nixon. Alimwimbia Deborah Kerr katika The King and I (1956), Natalie Wood katika West Side Story (1961) na Audrey Hepburn katika My Fair Lady (1964). Alikuwa mwimbaji wa muziki wa klasiki mwenye mafunzo kamili. Na kazi zake hizo tatu hazikufanana. Kwa Kerr walifanya mazoezi bega kwa bega, mpaka Nixon akajua Kerr anavyovuta pumzi na anavyotamka. Kwa Wood ilikuwa kinyume: Wood alirekodi nyimbo, akapigwa picha akiamini sauti yake ndiyo itakayobaki, kisha Nixon akaletwa kuimba juu ya midomo iliyokwisha kupigwa picha. Hiyo si pleibeki hata kidogo, kwa kuwa sauti ilikuja baada ya picha. Mtunzi wa muziki ule, Leonard Bernstein, alimkatia Nixon robo ya asilimia moja kutoka mapato yake ya albamu, kwa kuwa Nixon hakuwa na fungu lolote. Nixon alisimulia kwamba wakati wa The King and I studio ilimtisha: akitoa siri, hapati kazi tena. Aliyeitoa ni Kerr mwenyewe, kwa kumtaja hadharani, na kwa hilo ninamheshimu sana.

My Fair Lady ndiyo inayofaa kumwonyesha anayechanganya mambo haya. Hepburn alikuwa ameshaimba kwa sauti yake "Moon River" mwaka 1961, akajiandaa kuimba na hapa pia, lakini sehemu kubwa ya nyimbo zake ikawekwa sauti ya Nixon. Rex Harrison, katika filamu hiyohiyo, alikataa pleibeki kwa sababu hakuweza kurudia wimbo kwa namna moja mara mbili, kwa hiyo akafichiwa maikrofoni isiyo na waya kwenye tai, akaimba papo hapo. Mmoja ameazima sauti, mwingine hata pleibeki hakuitumia, na bado watu huwaweka kapu moja. Filamu iliteuliwa kwa tuzo 12 za Oscar, Hepburn hakuteuliwa. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule ilikwenda kwa Julie Andrews, aliyeimba nafasi ileile ya Hepburn, ya msichana Eliza, jukwaani Broadway na kunyimwa kwenye filamu.

Singin' in the Rain inahitaji uangalifu zaidi, maana humo vimo vyote. Katika hadithi, nyota wa filamu Lina Lamont ana sauti ya kukwaruza masikio, basi Kathy, anayechezwa na Reynolds, anaitwa kumsemea na kumwimbia. Jean Hagen aliyecheza Lina alikuwa mwigizaji wa jukwaani mwenye sauti nzito ya kupendeza. Ile ya kukera aliitengeneza, na ikampa uteuzi wa Oscar. Pale ambapo Kathy anaonekana akimsemea Lina, sauti inayosikika ni ya Hagen mwenyewe. Na pale ambapo Kathy anamwimbia Lina wimbo "Would You?", anayesikika ni Betty Noyes, mwanamke aliyekuwa ameimba pia "Baby Mine" katika Dumbo (1941) bila jina lake kuandikwa. Yaani filamu inayomtetea mwimbaji aliyefichwa ilimficha mwimbaji wake, na hili linanisikitisha kila ninapoitazama.

Lakini usiseme kwa sababu hiyo kwamba Debbie Reynolds hakuwa mwimbaji. Mwaka 1957 wimbo wake "Tammy" ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Ukisikia tena mtu anasema katika Singin' in the Rain alipiga pleibeki tu, mrekebishe taratibu: ndiyo, pleibeki ilitumika, kama kwa Kelly na O'Connor. "Good Morning" na "All I Do Is Dream of You" ni sauti yake. "Would You?" ni ya Betty Noyes, na mtaje kwa jina.