Kufiwa na mzazi: maswali yanayobaki baada ya wageni kuondoka

Msiba wa mzazi hujaza nyumba watu kwa siku chache. Kisha kila mtu hurudi kwake, simu za pole hupungua, na aliyefiwa hubaki na maswali ambayo wakati wa mazishi hakupata nafasi ya kuyauliza. Yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi.

Ni wiki kadhaa tangu baba afariki na bado sijadondosha chozi. Nina kasoro gani?

Huna kasoro. Kifo cha mzazi ni habari nzito mno kupokelewa kwa mkupuo mmoja, na watu wengi hupitia kipindi cha ganzi: wanasalimia wageni, wanatia saini karatasi, wanapanga usafiri, na ndani hawahisi chochote. Hali hiyo huwapata sana waliobeba majukumu ya mazishi. Machozi yanaweza kuja baadaye kabisa, tena kwa jambo dogo. Unatafuta namba ya mtu kwenye simu, unapita kwenye jina "Baba", kidole kinasita, na hapo ndipo unapoangua kilio. Wapo pia wasiolia kabisa, na majonzi yao ni ya kweli vilevile.

Kama ulimuuguza kwa muda mrefu, huenda kitu cha kwanza ulichohisi ni ahueni. Watu huona aibu kulisema hili, nami naona lisemwe waziwazi. Umefarijika kwamba maumivu yake yamekoma, na pengine kwamba na wewe utalala usiku kucha. Ahueni hiyo haimaanishi hukumpenda. Inawezekana uliishaanza kumlilia siku ile ulipoambiwa ugonjwa wake hauna tiba.

Nimesikia majonzi yana hatua tano. Nitajuaje nimefika ya ngapi?

Usihangaike kujipima. Hatua hizo, yaani kukana, hasira, kujadiliana, huzuni kuu na kukubali, zilielezwa mwaka 1969 na daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabiliana na kifo chao wenyewe. Baadaye zikahamishiwa kwa wafiwa na kufundishwa kana kwamba kila mtu lazima azipitie kwa zamu. Utafiti haujathibitisha mpangilio huo.

Maelezo yanayofanana zaidi na maisha ya wafiwa yalitolewa mwaka 1999 na watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut. Wanasema mfiwa huenda na kurudi. Saa hii anamlilia mzazi na kutazama picha zake; saa nyingine yuko kwenye kazi, madeni, watoto, hata anacheka. Pande zote mbili zinahitajika, na anayeshinda upande mmoja tu ndiye wa kuangaliwa kwa karibu. Kwa hiyo ukicheka na wenzako asubuhi kisha ukalia jioni, hujarudi nyuma hata hatua moja.

Kifua kinabana, chakula hakipiti, usingizi hakuna. Yote haya ni huzuni tu?

Mara nyingi ndiyo. Mwaka 1944 daktari Erich Lindemann wa Boston aliandika aliyoyaona kwa wafiwa, wakiwemo waliopoteza ndugu katika moto wa klabu ya Cocoanut Grove mwaka 1942: koo kukaba, pumzi kukatika, kushusha pumzi ndefu kila mara, tumbo kuwa kama tupu, nguvu kuisha. Aligundua kwamba hali hiyo huja kwa vipindi vya dakika 20 hadi saa nzima, hasa marehemu anapotajwa. Ni jambo la kushika kichwani, kwa sababu kipindi kikikushika unajua kina mwisho. Kaa chini, pumua polepole, na kama yupo mtu karibu mwambie akae nawe hadi kipite.

Hata hivyo, maumivu ya kifua hayapuuzwi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, uliohusu karibu wagonjwa 2,000 wa shambulio la moyo, ulionyesha kuwa hatari hupanda sana katika saa 24 za kwanza baada ya kufiwa na mtu wa karibu, kisha hushuka kadiri siku zinavyopita. Kwa mtu mwenye afya njema uwezekano bado ni mdogo, lakini kwa mwenye ugonjwa wa moyo au presha si jambo la kusubiri. Ipo pia hali iitwayo takotsubo, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1990, ambapo mshtuko hudhoofisha msuli wa moyo ghafla. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona baada ya wiki chache, ila huwezi kuitofautisha na shambulio la moyo bila vipimo. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi, tayani au mgongoni, jasho la ghafla, kukosa pumzi: wahi hospitali saa hiyo hiyo.

Jambo jingine linalosahaulika katikati ya msiba ni dawa za kila siku. Mwenye kisukari, presha, kifafa au anayetumia dawa za kufubaza virusi apewe mtu mmoja wa kumkumbusha dozi.

Kuhusu usingizi, pombe humlaza mtu haraka na kumwamsha usiku wa manane akiwa na huzuni maradufu. Na vidonge vya usingizi au vya kutuliza vya kundi la benzodiazepini, kama diazepamu, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 visitolewe kwa mtu aliyefiwa ambaye hana ugonjwa wa akili. Huleta utegemezi bila kuyapunguza majonzi. Usikubali kupewa cha jirani.

Juzi nimemsikia mama akiniita, wazi kabisa. Ninaingiwa na wazimu?

Hapana. Dewi Rees, daktari wa Wales, aliwahoji wajane 293, wanawake kwa wanaume, na mwaka 1971 akaripoti kuwa karibu nusu yao walikuwa wamewahi kumwona, kumsikia au kuhisi uwepo wa mwenzi wao aliyefariki. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Ilimradi unajua kwamba mama amefariki na maisha yako mengine yanaendelea, hili ni sehemu ya kawaida ya kufiwa, na wengi huliona faraja. Nenda kwa daktari ikiwa sauti zinakuamrisha ujidhuru, zinakutukana, au umeanza kushindwa kutofautisha yaliyopo na yasiyokuwepo.

Ningempeleka hospitali mapema angepona. Wazo hili haliniachi.

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na anayekujibu "acha kujilaumu" hajakusaidia. Hatia ya mtoto aliyefiwa hutokana na kutazama ya jana kwa macho ya leo. Sasa unajua kile kikohozi kilikuwa nini. Siku ile kilikuwa kikohozi, na mzee mwenyewe alisema kitapita.

Badala ya kubishana na wazo hilo usiku kucha, litafutie majibu. Rudi kwa daktari aliyemtibu, ukiwa na swali lako kwenye karatasi: ugonjwa ulikuwa umefikia wapi tulipomleta? Kuja mapema kungebadilisha nini? Mara nyingi jibu huwa jepesi kuliko ulilojitungia. Na likiwa gumu, yaani kweli palikuwa na kuchelewa, angalau utakuwa unabeba kosa lenye ukubwa wake halisi, na hilo mtu huweza kulizungumza, kulitubu na kuishi nalo.

Kama kinachokuuma ni ugomvi wa mwisho au maneno ambayo hukuyasema, mwandikie barua. Iandike yote, pamoja na hasira. Unaweza kumsomea mtu unayemwamini au kuiweka tu.

Baba hakuwa mzazi mwema. Kila mtu anataka nilie, nami sijui ninachohisi.

Unaweza kumwombolezea baba uliyekuwa naye, na pia yule ambaye hukuwahi kuwa naye. Kifo hufunga mlango wa kuombwa radhi, na hilo peke yake ni msiba. Mtaalamu Kenneth Doka alieleza mwaka 1989 majonzi ambayo jamii haiyatambui, kwa hiyo mwenye nayo hubaki bila mtu wa kumpa pole. Yako yanaweza kuwa ya aina hiyo. Hulazimiki kumsifu marehemu ili ustahili kusikilizwa. Tafuta mtu mmoja unayeweza kumwambia ukweli wote, na kama alikudhuru utotoni, mshauri nasaha ni bora kuliko ndugu.

Mume wangu amefariki. Watoto niwaambieje kuhusu baba yao?

Waambie mapema, wewe mwenyewe, kwa neno "amekufa". Tunapenda kulikwepa neno hilo. Lakini mtoto akiambiwa "baba amelala", anaogopa kulala. Akiambiwa "amesafiri", anakaa dirishani akisubiri, kisha anaanza kujiuliza kwa nini baba hakumuaga. Sema hivi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi." Mafundisho ya dini yenu yaongeze baada ya ukweli huo, yasikae mahali pake.

Mtoto wa chini ya miaka 5 kwa kawaida hajaelewa kwamba kifo ni cha moja kwa moja. Wengi huanza kulielewa hilo kati ya miaka 5 na 7. Ndiyo maana mdogo atakuuliza "baba anarudi lini?" kesho, na keshokutwa tena. Hakutesi. Anajaribu kuelewa, kwa hiyo mjibu vilevile kila mara. Atalia dakika mbili kisha aombe mpira; hayo pia ni majonzi, kwa kipimo cha mtoto. Anaweza kuanza tena kukojoa kitandani au kukung'ang'ania unapotoka. Na hata asipouliza, mwambie kwamba si kosa lake: watoto wengi huamini kwamba mtu amekufa kwa sababu walimkasirikia au walikuwa watukutu.

Kuhudhuria mazishi, mweleze kwanza atakachokiona, kisha achague mwenyewe. Akienda, awe na mtu mzima mmoja wa kwake tu, anayeweza kumtoa akichoka. Kijana mkubwa asiambiwe "sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii". Naye kafiwa, na maneno hayo humnyima ruhusa ya kulia. Mjulishe mwalimu wake, maana huzuni ya kijana mara nyingi hutokea kama hasira, utoro au kushuka darasani.

Mimi ni mtoto wa kwanza, wote wananiegemea. Nitaomboleza saa ngapi?

Wewe ndiye umeambiwa "jikaze" kuliko wote, na ndiye unayeweza kuanguka miezi sita baadaye pasipo mtu kuelewa kwa nini. Gawa kazi kwa majina: huyu ashughulikie mirathi na benki, yule ampeleke mama kliniki, mwingine apokee simu. Maamuzi makubwa yasiyo ya lazima, kama kuuza nyumba au kumhamisha mzazi aliyebaki, yaahirisheni kadiri inavyowezekana. Kisha tenga muda wa kuwa mtoto aliyefiwa, hata kama ni kukaa na wadogo zako mkimzungumzia marehemu bila ajenda ya kikao.

Lini majonzi yanahitaji matibabu?

Wengi hawahitaji tiba. Huhitaji watu na muda. Hakuna tarehe ya kumaliza, na kulia miaka mingi baadaye siku ya harusi yako si ugonjwa. Lakini kuna hali inayotambuliwa kitabibu kama majonzi ya muda mrefu, iliyomo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kipimo chao ni angalau miezi 6. Wataalamu wa Marekani kwa mtu mzima huhesabu 12. Dalili kuu ni kumtamani au kumwaza marehemu karibu kila siku kwa uchungu usiopungua, hadi kazi, malezi au kujitunza kunakushinda: huamini kwamba amekufa, unakwepa kila kinachomkumbusha, unaona na wewe nafsi yako imekufa. Kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya hali hii, na moja inayojulikana hufanyika kwa vikao 16.

Sonona ni kitu kingine, ingawa vyote viwili vinaweza kumpata mtu mmoja. Mwenye majonzi huumia kwa sababu ya aliyeondoka, lakini bado hufurahi kidogo mjukuu akimrukia. Mwenye sonona hafurahii chochote na hujiona hana thamani. Sonona ina dawa na tiba ya mazungumzo, na usisubiri miezi sita kuitafuta.

Hili halina kusubiri kabisa: mtu akisema anataka "kumfuata" mzazi wake, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni dawa, sumu na silaha, mpelekeni hospitali kitengo cha dharura.

Msaada nianzie wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Huhitaji maneno ya kitaalamu, sema: "Nimefiwa na mama mwezi fulani, silali, sili, na kazi inanishinda." Hayo yanatosha kukupeleka kwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Kiongozi wa dini na vikundi vya waliofiwa husaidia pia, hasa kwa mtu asiye na wa kuongea naye nyumbani. Na kwa ndugu na marafiki, omba kitu chenye umbo: "njoo Jumamosi tupange nguo zake" huitikiwa kuliko "nahitaji msaada".

Rafiki yangu kafiwa na baba yake. Nimwambie nini?

"Pole sana. Niambie habari za baba yako." Kisha nyamaza, usikilize. Acha "angalau aliishi miaka mingi" na "Mungu hakupi usiloliweza". Hata anayeyaamini hayo hayahitaji siku hiyo. Usimwambie "ukihitaji chochote nipigie", kwa sababu hatapiga. Peleka chakula, mchukulie watoto shuleni, kaa naye anapojaza fomu. Weka alama kwenye kalenda mwezi wa tatu baada ya msiba na siku ya kutimia mwaka, umtafute. Asipopokea simu, mtumie ujumbe kwamba si lazima ajibu, na wiki ijayo ujaribu tena.