"Suffer" ya kwenye Biblia ya King James sio teseka jamani

Mwaka jana nlikuwa kwenye msiba wa mtoto, miaka minne tu, kijana mmoja akasimama kusoma Marko 10:14 kwa kingereza, ile King James, "Suffer the little children to come unto me, and forbid them not", af akawatafsiria wazee hapohapo kwamba Yesu anataka watoto wadogo wateseke ndo waje kwake. Mama wa mtoto alikuwa mkekani pale mbele, akainua uso akamwangalia, kisha akajifunika khanga. Hadi leo hainitoki.

Sio kweli kabisa. Ile Biblia ni ya 1611 na kingereza cha enzi hizo suffer ilibeba maana mbili, kuteseka, na kumwacha mtu afanye jambo bila kumzuia. Kuzitofautisha sio kazi, angalia kinachofuata: ukikuta suffer, af mtu, af to na kitenzi kingine, hiyo ni waache, mruhusu. Na mstari wenyewe unajieleza, mbele yake kuna msiwazuie, sasa wateseke na msiwazuie vinakaaje pamoja? Union, Biblia yetu ya Kiswahili, imenyoosha tu, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie". Mathayo 3:15 ni hivyohivyo, "Suffer it to be so now", kwetu ni "Kubali hivi sasa".

Kuna wanaosema basi watafsiri wa 1611 walichemka. Hapana, Kigiriki cha asili pale kinasema acheni na mtu wa London wa wakati ule alielewa vizuri tu. Kingereza ndo kimehama. Tena let, ambayo leo ndo inasema ruhusu, zamani ilikuwa pia na maana ya zuia! Soma 2 Wathesalonike 2:7, "he who now letteth", Union wameandika "azuiaye", na pasipoti ya Uingereza imebaki na "without let or hindrance", yani mwenye nayo apite bila kuzuiwa.

Nyingine inayopotosha watu ni ile ya kusema fulani "doesn't suffer fools gladly". Wengi wanadhani ni mtu asiyefurahia wajinga wakiteswa, kumbe ni mtu asiye na subira nao. Imetoka 2 Wakorintho 11:19, na Union pale naipenda sana, "mnachukuliana na wajinga kwa furaha". Kuchukuliana, kutoka kuchukua! Na suffer yenyewe kwa Kilatini ni sub, chini, na ferre, kubeba, yani kubeba kitu ukiwa chini yake, na aliyebeba mzigo anaweza akaumia au akauvumilia tu ukae, maana zote mbili zimeanzia hapo. Kwaiyo hii ruhusa sio ya vigelegele kila mara, mara nyingi ni kutozuia tu.

Na maana hiyo ya kuacha haijafa kabisa, wanasheria wanayo mpaka leo, mpangaji ambaye mkataba umeisha na bado yumo ndani, mwenye nyumba hajamtoa, wanamwita tenant at sufferance. Hateswi na mtu, ameachwa tu.

Yule mama nilimfuata baada ya arobaini, nikafungua Union nikamsomea, akasema rudia, nikarudia. Kwenye msalaba wa kaburi waliandika mstari huohuo, kwa Kiswahili.