Filamu ya uhalifu ni nini, na kamera inaijengaje?

Ukiuliza watu filamu ya uhalifu ni nini, wengi watakutajia hadithi: kuna wizi au mauaji, kuna polisi, kuna anayesakwa. Jibu hilo halitoshi, maana mauaji yamo hata kwenye filamu za vita na za mapenzi. Utanzu huu unajengwa na jinsi tukio linavyopigwa picha, linavyohaririwa na linavyosikika, na zaidi ya yote jinsi habari inavyogawiwa: nani ajue nini, na ajue lini. Kaida za utanzu ni yale ambayo mtazamaji ameyazoea hata anayangoja kabla hayajatokea.

Tuchukue kisa kimoja. Mzee anatoka benki kwenye Barabara ya Kampala, bahasha ya pesa iko ndani ya koti. Anapanda boda kuelekea Katwe. Njiani anaporwa.

Mwongozaji akituonyesha kwanza vijana wawili juu ya pikipiki ng'ambo ya barabara, macho yao kwenye mlango wa benki, amekwisha kuingia kwenye filamu ya taharuki, ile ya kungoja kwa hofu. Sisi tunajua, mzee hajui. Boda yake ikikwama kwenye msongamano tunaumia, na mhariri hodari ataturefushia hapo hapo, pale ambapo hakuna kinachotokea. Akianza na bahasha tupu mtaroni na askari anayeinama kuiokota, kisa kilekile kimekuwa cha upelelezi. Sasa kila picha ya karibu, iwe ya kiatu au ya tone la oili, tunaitazama kama ushahidi, hata kama haina maana yoyote. Na akiwafuata wale vijana tangu asubuhi, mwenye nyumba akigonga mlango kudai kodi, hiyo ni filamu ya majambazi, na kuna wakati tutajikuta tunaomba wasikamatwe. Huruma hiyo haihitaji maneno mengi. Inatokana na mahali kamera ilipowekwa na muda iliokaa hapo.

Mwanga nao una kaida zake. Uso ulioangazwa upande mmoja huku mwingine ukiachwa gizani ulizoeleka sana katika filamu za Marekani za miaka ya 1940, na baadhi ya waongozaji walioufanya uzoeleke walikuwa wamewakimbia Wanazi kutoka Ujerumani na Austria. Mmoja wao, Fritz Lang, alikuwa ametengeneza filamu ya M huko Ujerumani mwaka 1931, na kwangu bado ni somo kubwa. Mtoto anadundisha mpira kwenye nguzo yenye tangazo la kumsaka muuaji wa watoto. Kivuli cha mwanamume kinaangukia tangazo hilo. Baadaye tunamsikia mama akiita jina la mwanawe, tunauona mpira ukibiringika kwenye nyasi, puto limenasa kwenye nyaya. Hatuonyeshwi pigo hata moja, na hakuna haja. Muuaji huyo ana mluzi wake, wimbo uleule kila mara, na anayemtambua ni muuza maputo kipofu. Sauti imefanya kazi ambayo macho ya polisi wa mji mzima yalishindwa kuifanya.

Kaida nyingine zilizaliwa na masharti. Kuanzia mwaka 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni za maadili zilizodai mhalifu asiachwe bila adhabu. Kanuni hizo ziliachwa mwaka 1968, lakini mazoea ya kungoja mwizi aanguke dakika za mwisho yamebaki.

Kwetu Uganda kuna kaida ya sauti inayonigusa sana. Kiswahili kilienea nchini hasa kupitia jeshi la kikoloni, KAR (King's African Rifles), na polisi. Mwaka 1973 mtawala wa kijeshi, Idi Amin, akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Ndiyo maana mhusika aliyekuwa akizungumza Luganda akigeukia Kiswahili mbele ya kamera, masikio mengi humdhania askari au jambazi kabla hajafanya lolote. Kwa mwongozaji ni njia ya mkato, na kwa sisi tunaokizungumza mezani na watoto wetu inauma. Kiswahili hicho hicho kikiwekwa kinywani mwa shahidi, au mwa mama aliyefiwa, mtazamaji atalazimika kusikiliza upya.

Halafu yupo VJ, yaani video joker. Kwenye vibanda vya video, VJ huzungumza Luganda juu ya sauti ya filamu, akitafsiri, akieleza na kutania. Kwa filamu ya uhalifu hilo ni jambo zito: siri ambayo mwongozaji ameificha nusu saa, VJ anaweza kuitoa kwa sentensi moja, na upelelezi ukageuka taharuki palepale. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliiingiza sauti hiyo ndani ya filamu yenyewe. Katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, VJ Emmie anasikika akichangamsha mapigano. Jina linaahidi upelelezi, lakini filamu inaisha bila kusema ni nani aliyemuua kapteni. Mtazamaji hatoki akidai jibu, kwa sababu tangu mwanzo sauti ya VJ imemwandaa kwa vita na vicheko.