Uzamili wa Muziki na Ubongo: Wengi Wanavyodhani, na Ilivyo

Dhana: lazima uwe mwanamuziki hodari.

Kujua ala kunasaidia, lakini wanaokwama kwa kawaida hukwamishwa na takwimu. Chuo cha Goldsmiths cha London, chenye uzamili wa Music, Mind and Brain, hupokea waliosomea saikolojia, muziki, kompyuta na fani nyingine. Uzamili wa Uingereza ni krediti 180 ndani ya miezi 12, na 60 kati ya hizo ni tasnifu. Yaani theluthi nzima ya shahada yako ni jaribio utakalolibuni, kuliendesha na kulichambua mwenyewe. Anza kujifunza R au Python, lugha za kompyuta za kuchambulia takwimu, kabla hujapanda ndege.

Dhana: washiriki ishirini wanatosha.

Hapa ndipo tasnifu nyingi zinapofia. Tuseme unataka kujua kama waliosikiliza muziki wa kasi wanakumbuka maneno mengi kuliko waliokaa kimya. Unatarajia tofauti ya nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), unakubali hatari ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo, na unataka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona iliyopo. Hesabu inadai watu 64 kila kundi, jumla 128. Kila mmoja akikaa saa moja, hizo ni saa 128 za maabara. Tofauti ikiwa ndogo zaidi, moja ya tano ya mchepuko, utahitaji watu 394 kila kundi.

Njia ya kujiokoa ni kumpitisha mtu yuleyule katika hali zote mbili. Hapo idadi huweza kushuka hadi 34 hivi. Nusu yao waanze na kimya, nusu waanze na muziki. Usipofanya hivyo, uchovu wa awamu ya pili utaonekana kana kwamba ni kazi ya muziki.

Dhana: skana ya MRI inauonyesha ubongo ukifuata mdundo papo hapo.

Skana hiyo hufuata oksijeni katika damu, na damu ni nzito kuitika: kilele chake huja sekunde 5 au 6 baada ya sauti. Wimbo wa midundo 120 kwa dakika hupiga kila nusu sekunde, kwa hiyo midundo kumi na zaidi imeshapita kabla ya kilele hicho. Tena mashine yenyewe hunguruma, mara nyingine kupita desibeli 100, juu ya muziki unaotaka usikike.

Kwa mdundo, tumia EEG, inayosoma umeme wa ubongo kwa milisekunde. Nayo ina mitego yake. Mshiriki akigongagonga mguu kwenye wimbo wa midundo 120, mtikisiko wake unaingia kwenye hezi 2, yaani mara mbili kwa sekunde, palepale unapoutafuta mwitiko wa ubongo. Vipokea sauti vya Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Tumia vya waya, na upime ucheleweshaji kwa kurekodi sauti yenyewe kwenye chaneli ya ziada ya mashine.

Halafu nywele. Mwambie mshiriki aje ameziosha, bila mafuta. Elektrodi za kawaida, yaani vipokezi vya umeme vinavyowekwa kichwani, hutaka ukinzani ulio chini ya kiloohm 5, na huupati jeli ya kupitishia umeme isipofika kwenye ngozi. Kumwondoa mtu kwenye utafiti kwa sababu ya nywele zake ni uvivu wa mtafiti. Twende kilioni iliyosukwa ikaacha njia wazi pale elektrodi zinapokaa huiruhusu jeli iguse ngozi vizuri. Panga hilo na mshiriki siku kadhaa kabla.

Dhana: Mozart humwongezea mtoto akili.

Jaribio la 1993 lililoizaa dhana hii liliwahusu wanafunzi 36 wa chuo, si watoto. Walichofanya vizuri zaidi ni kazi za kuwaza maumbo, na athari ilidumu dakika 10 hadi 15 tu. Utafiti wa 2001 ulionyesha kuwa kilichofanya kazi ni uchangamfu na hali ya moyo.

Dhana: ukimaliza wewe ni mtabibu wa muziki.

Hapana. Nchini Uingereza jina hilo linalindwa na sheria, na hulipati bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia taaluma za afya, baada ya kozi iliyoidhinishwa yenye mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa.

Dhana: vipimo vya muziki vinafaa popote.

Dodoso la Gold-MSI, linalopima uzoefu na ustadi wa mtu katika muziki kwa maswali 38, huuliza pia miaka uliyofundishwa rasmi ala na nadharia ya muziki. Mpiga ngoma aliyejifunza kwa kumtazama mjomba wake ataambulia alama chache kwenye sehemu hiyo, hata kama mikono yake haikosei. Kadhalika sauti za kinanda: nusutoni, hatua kati ya funguo mbili zinazofuatana, ni senti 100, ilhali maqam (ngazi ya sauti) ya Rast, inayojulikana kwenye taarab, ina sauti ya tatu iliyo karibu na senti 350 juu ya ile ya kwanza, katikati ya funguo mbili. Ukimtungia mpenzi wa taarab jaribio la "nota iliyokosewa" kwa kinanda, huenda unapima mazoea yake, ukaandika kuwa sikio lake ni bovu.

Anayetaka kuwapima wasemaji wa Kiswahili atafsiri dodoso, ampe mtu mwingine alirudishe Kiingereza bila kuona la mwanzo, alinganishe, kisha alijaribu kwa watu wachache huku akiwauliza kila swali wamelielewaje. Tenga wiki kadhaa kwa kazi hiyo, na uombe kibali cha maadili mapema, kwa kuwa hadi kitoke huruhusiwi kumrekodi hata mshiriki mmoja.